Protini Zilizobuniwa kwa Kompyuta Dhidi ya Sumu ya Nyoka: Mkulima wa Mwankoko Atarajie Nini?

Kata ya Mwankoko imo ndani ya mipaka ya Manispaa ya Singida, lakini maisha ya watu wake wengi ni ya shamba na malisho. Mvua zinapoanza, kwa kawaida kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, wakulima huingia mashambani alfajiri kupanda mtama, uwele, mahindi na alizeti. Vijana hupeleka ng'ombe na mbuzi machungani. Usiku, nafaka iliyohifadhiwa ndani ya nyumba huwavuta panya, nao panya huwavuta nyoka. Kuumwa na nyoka ni ajali ya kazini kwa watu ambao vitendea kazi vyao ni jembe na fimbo. Daktari wa jiji kubwa aweza kufanya kazi miaka mingi bila kumpokea mgonjwa wa aina hii. Mganga wa zahanati ya savana hana nafasi ya kutojiandaa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka ulimwenguni. Kati yao, milioni 1.8 hadi 2.7 huingiwa na sumu kiasi cha kuugua, watu 81,000 hadi 138,000 hufariki, na idadi ipatayo mara tatu ya hao waliofariki hubaki na ulemavu wa kudumu, wakiwemo waliokatwa mguu au mkono. Msomaji azitazame kwa makini tarakimu mbili za mwanzo. Angalau nusu ya walioumwa hawakupata sumu ya kuwadhuru, ama kwa sababu nyoka mwenyewe hana sumu, ama kwa sababu aliuma bila kuimwaga. Hapa ndipo ilipo siri ya sifa za jiwe jeusi na mizizi mingi tunayoisikia. Mgonjwa ambaye angepona hata bila tiba hupona jiwe likiwa limebandikwa mguuni, na jiwe hupewa heshima. Aliyeingiwa na sumu hasa hufa, na jiwe halilaumiwi. Husemwa kwamba alichelewa kuletwa.

Juni 2017 Shirika hilo liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na mwaka 2019 likatangaza mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Katikati ya jitihada hizo, Januari 2025, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Susana Vázquez Torres na David Baker wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, pamoja na Timothy Patrick Jenkins wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark. Walikuwa wamebuni kwa kompyuta protini ambazo hazijapata kuwepo katika kiumbe chochote, zenye kazi moja tu ya kuing'ang'ania sumu ya nyoka na kuizima. Habari hiyo ilienea haraka, na wagonjwa wawili watatu wamekwisha kuniuliza kama dawa hiyo imefika nchini. Haijafika popote. Hata hivyo inafaa kuielewa, kwa kuwa ndani yake mna jambo linaloihusu zahanati isiyo na jokofu la kutegemewa, na pia mna pengo ambalo watangazaji wengi walilipita bila kulitaja.

Panda ya manati

Tuanze na tiba tuliyo nayo. Mwaka 1894, Albert Calmette, na sambamba naye Césaire Phisalix na Gabriel Bertrand, wote wa Ufaransa, walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyezoezwa sumu ya nyoka kidogo kidogo huweza kumkinga mnyama mwingine dhidi ya sumu hiyo. Tangu wakati huo, kwa zaidi ya miaka 130, njia haijabadilika sana. Farasi huchomwa sumu kwa vipimo vinavyoongezwa polepole, mwili wake hutengeneza kingamwili, damu yake huvunwa, na kingamwili hizo husafishwa na kutiwa katika vichupa. Hiyo ndiyo dawa ya sumu ya nyoka, ambayo katika makala haya nitaiita seramu.

Kingamwili ni protini yenye umbo la panda ya manati. Ncha zake mbili za juu hushika adui, kila kingamwili na adui wake, na mpini wake huita askari wengine wa mwili waje wamalizie kazi. Uwezo wa kushika ndio kila kitu. Sumu iliyoshikwa barabara haiwezi tena kuufikia mshipa wa fahamu wala seli ya msuli, nayo huondolewa mwilini taratibu.

Seramu imeokoa maisha ya watu wengi, na hadi leo ndiyo tiba mahususi tunayopaswa kuitafuta. Lakini ina kasoro ambazo kila aliyewahi kuitumia anazijua. Ni ghali. Nyingi kati ya hizo huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Kwa kuwa ni protini ya farasi, mwili wa mgonjwa unaweza kuipinga kwa mzio mkali wa ghafla, ndiyo maana hakuna anayepaswa kufungua kichupa kabla ya adrenalini kuwa tayari katika bomba la sindano. Aidha, farasi huyo aliishi maisha yake, akakutana na vijidudu vyake. Sehemu kubwa ya kingamwili zilizomo katika kichupa haihusiani kabisa na nyoka. Tena seramu iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia haitegemewi kwa nyoka wa Afrika, hivyo anayepokea shehena asome kwanza orodha ya nyoka iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Na soko lenyewe ni dhaifu. Kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza Fav-Afrique, seramu iliyokuwa ikisifiwa sana barani, mwaka 2014, na vichupa vya mwisho vikafikia ukomo wa matumizi mwaka 2016.

Kasoro moja nyingine haionekani kwa macho, nayo ndiyo iliyowavuta watafiti wa Washington na Denmark. Swila na koboko wana kundi la sumu liitwalo sumu za vidole vitatu, kwa kuwa kila molekuli yake hutoa mikunjo mitatu inayofanana na vidole. Ni protini ndogo mno, yenye asidi amino 60 hadi 75 hivi. Udogo huo huifanya isitambulike vyema na kinga ya farasi, kwa hiyo seramu hupata kingamwili chache na dhaifu dhidi ya sumu ambayo pengine ndiyo ya kutisha kuliko zote. Baadhi ya vidole hivyo huziba vipokezi vya msuli, mahali ambapo amri ya neva hupokelewa. Neva hutoa amri, msuli hausikii. Kope huanguka, macho huona vitu viwili viwili, mate hushindwa kumezwa, na mwishowe kifua husita kupanda.

Kumshika mshikaji

Wazo la kubuni protini inayoshika kitu kilichochaguliwa halikuanza na nyoka. Bakteria wa kawaida wa majipu, Staphylococcus aureus, ana protini inayoikamata kingamwili kwa mpini wake, ikiwa imegeuzwa kichwa chini, hata isiweze kuwaita askari wenzake. Ni hila ya adui, lakini viwanda vya dawa vimeigeuza kuwa faida: protini hiyo ndiyo hutumika kunasa na kusafisha kingamwili za tiba. Mwaka 2021, wanasayansi wa kundi lilelile la Baker walibuni kwa kompyuta protini zinazoshika mipini ya kingamwili na kuzipanga zikawa kama tenga dogo, ncha zote zikiangalia nje. Kingamwili zilizopangwa hivyo zilishika shabaha zake kwa nguvu kuliko zikiwa moja moja.

Kutoka hapo swali likawa rahisi kulitamka. Ikiwa tunaweza kubuni kitu cha kuishika kingamwili, je, tunaweza kubuni kitu cha kufanya kazi ya kingamwili, bila farasi?

Protini yoyote ni mlolongo wa asidi amino, mfano wa shanga zilizotungwa kwenye uzi. Aina za shanga ni 20 tu, lakini mpangilio wake huamua namna uzi utakavyojikunja wenyewe, na mkunjo ndio huamua kazi. Kwa miongo mingi wanasayansi walihangaika na maswali mawili yanayofanana na pande mbili za sarafu. La kwanza, ukiujua mpangilio wa shanga, umbo litakuwa lipi? La pili, ukilitaka umbo fulani, utunge shanga zipi? Nobeli ya Kemia ya mwaka 2024 iligawanywa kwa maswali hayo: nusu alipewa Baker kwa ubunifu wa protini, na nusu nyingine waligawana Demis Hassabis na John Jumper kwa programu ya AlphaFold inayotabiri maumbo.

Katika kazi ya sumu ya nyoka, programu ya akili unde iitwayo RFdiffusion ilipewa umbo la kidole kitatu na kuonyeshwa mahali pa kukabwa. Programu hiyo huanza na wingu la nukta zilizotawanyika ovyo, kama vumbi la kwato ng'ombe wanaporejea jioni, kisha huliondoa vumbi hatua kwa hatua mpaka kibaki kiunzi kinachokaa sawasawa juu ya sumu. Programu ya pili huchagua shanga zitakazokunjika katika umbo la kiunzi hicho. Ya tatu, ambayo ni AlphaFold, huhakiki kama kweli uzi huo utajikunja ilivyotarajiwa. Kinachobaki ni kuandika maelekezo hayo kwa lugha ya jeni, kuyatia ndani ya bakteria, na kuwaacha bakteria watengeneze protini katika mapipa, kama pombe inavyochachuliwa. Farasi hahitajiki, wala hakuna anayelazimika kuwakamua nyoka sumu kila wiki ili kumchanja mnyama, ingawa sumu halisi bado ni lazima kwa kuipima dawa.

Matokeo yalikuwa ya kuvutia. Protini zilizobuniwa zilishika sumu kwa nguvu, na maumbo yake yalipochunguzwa yalikaribia sana yale yaliyochorwa na kompyuta. Panya wa maabara waliopewa kipimo cha sumu ya neva cha kuua waliokoka kwa asilimia 80 hadi 100, kutegemea aina ya sumu, kipimo na protini iliyotumika; na katika baadhi ya majaribio protini ilitolewa dakika kadhaa baada ya sumu, si kabla. Kwangu mimi, hata hivyo, jambo kubwa si asilimia hizo. Ni kwamba protini hizi zilivumilia joto kwa kiwango kisicho cha kawaida. Protini nyingi za mwili huharibika zikipashwa moto, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe katika kikaango. Dawa isiyodhurika na joto inaweza kukaa katika kabati la zahanati ya Mwankoko, umeme uwepo au usiwepo, karibu na mgonjwa kuliko kichupa chochote cha seramu kilichofungiwa katika jokofu la hospitali ya mkoa. Anayeumwa na koboko hufa akiwa njiani. Dawa inayomngoja mwisho wa njia, hata iwe bora namna gani, si yake.

Kifutu hayumo

Sasa tufike kwenye pengo. Nyoka ambaye mkulima wa savana hukanyaga kwa urahisi zaidi ni kifutu, ambaye wengine humwita bafe. Ni mnene, mzito, rangi yake ni ya udongo na majani makavu, na tabia yake ni kulala kimya njiani akivizia, badala ya kukimbia anaposikia hatua. Sumu yake kwa sehemu kubwa si ya vidole vitatu. Ni vimeng'enya vinavyotegemea madini ya zinki, ambavyo hulaza damu nje ya mishipa, hutafuna nyama na kuvimbisha mguu mzima ukawa mweusi na wenye malengelenge. Protini zilizotangazwa Januari 2025 hazimgusi kifutu hata kidogo. Mgonjwa wake akizipewa, ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa nyumba ya jirani.

Kwa koboko nako ni nusu ya safari, kwa kuwa zaidi ya vidole vitatu, sumu yake ina kundi jingine linalozichochea neva zitoe amri kupita kiasi. Na kwa swila anayetema mate, ambaye huwauma watu hata wakiwa wamelala ndani ya nyumba, sumu inayotawala ni ile inayoua seli na kuacha kidonda kikubwa. Watafiti walibuni protini dhidi ya aina hiyo pia, nayo ilizilinda seli za binadamu zilizooteshwa maabara, lakini kutoka seli za maabara hadi mguu wa mtoto ni mwendo mrefu.

Yapo na maswali ya kitabibu ambayo kompyuta haiyajibu. Protini ndogo hupita katika figo na kutoka na mkojo haraka, ilhali sumu iliyojificha katika uvimbe wa jeraha inaweza kuendelea kuvuja kuingia kwenye damu kwa muda mrefu. Mgonjwa aliyeonekana amepona aweza kuzidiwa tena. Pengine dawa itapaswa kurudiwa, au kufungamanishwa na kitu kikubwa zaidi kinachodumu katika damu. Mwili wa binadamu nao unaweza kuiona protini ngeni na kuitengenezea kingamwili. Majibu ya hayo hupatikana kwa majaribio kwa watu, kuanzia wenye afya, kwa uangalifu na kwa miaka.

Habari njema kuhusu kifutu inatoka upande mwingine, na karibu zaidi na kwetu. Huko Kilifi, Kenya, watafiti wa mradi wa KEMRI na Wellcome Trust, pamoja na wenzao wa Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Liverpool, walijaribu dawa iitwayo unithioli kwa watu wazima 64 wenye afya, na mwaka 2025 wakachapisha kwamba ilivumilika vizuri. Unithioli si protini wala si ya kompyuta. Ni dawa ya zamani iliyotumika kwa miongo mingi kutibu waliodhurika na zebaki, kwa sababu hupenda kushika metali. Ikiingia mwilini hunyang'anya zinki, na vimeng'enya vya nyoka wa jamii ya kifutu visipopata zinki havifanyi kazi. Inamezwa kwa mdomo. Hatua inayofuata ni kuona kama inawasaidia walioumwa kweli, na hilo bado.

Tena Oktoba 2025, jarida lilelile la Nature lilichapisha kazi ya kundi jingine la Denmark, waliotumia vipande vidogo vya kingamwili za lama na alpaka, wanyama wa jamii ya ngamia. Mchanganyiko wa vipande vinane tu uliwakinga panya dhidi ya sumu za spishi 17 kati ya 18 za nyoka wa Afrika wa jamii ya swila na koboko. Kifutu, kwa mara nyingine, hakuwemo. Ukiniuliza, dawa itakayofika siku moja katika kabati la zahanati itakuwa mchanganyiko: protini zilizobuniwa au vipande vya kingamwili kwa ajili ya sumu za neva, pamoja na kidonge mfano wa unithioli kwa ajili ya vimeng'enya. Atakayetuuzia dawa ya aina moja na kuiita dawa ya nyoka wote, aulizwe kuhusu kifutu kwanza.

Wakati wa kungoja

Ndugu msomaji, ukiumwa leo, hayo yote hayajakufikia. Kinachokuokoa ni kupunguza mwendo wa sumu na kuharakisha mwendo wako wewe. Ondoka mahali alipo nyoka. Usimfukuze wala usimshike hata akionekana amekufa. Vua pete, bangili, viatu na chochote kitakachobana uvimbe ukija. Kiungo kilichoumwa kifungwe banzi kama mfupa uliovunjika, kisha kitulizwe, kwani kila msuli unaojikaza huisukuma sumu mbele. Usitembee ikiwa kuna namna ya kubebwa. Usichanje chale, usinyonye, usiweke jiwe, dawa ya kienyeji, mafuta ya taa wala moto wa betri. Usifunge kamba ya kukata damu; tumeona miguu iliyopotea kwa kamba, ambayo sumu peke yake isingeipoteza. Kama swila ametema machoni, osha kwa maji safi mengi, mara moja na kwa muda mrefu, kisha nenda ukachunguzwe jicho.

Kwa wenzangu walioko zahanati na vituo vya afya, yapo mambo machache ambayo hayahitaji vifaa vya gharama. Weka mililita 2 za damu ya mshipa katika bomba jipya la kioo, safi na kavu. Liache dakika 20 bila kulitikisa, kisha liinamishe mara moja. Damu ikitiririka badala ya kuganda, sumu imeingia katika mfumo wa kugandisha damu. Bomba la plastiki hudanganya. Asiye na dalili abaki chini ya uangalizi kwa saa 24, na kope zitazamwe kila saa, kwani ndizo huanza kulegea. Seramu hupewa mwenye dalili, kwa njia ya mshipa, wala si kila aliyeumwa. Mtoto hupewa dozi ileile ya mtu mzima, kwa sababu nyoka hapimi uzito wa anayemuuma. Kiasi cha sumu ni kilekile, tena katika mwili mdogo.

Na hili nalisema kwa mkazo. Mgonjwa wa sumu ya neva aliyelegea kabisa, asiyefumbua macho, asiyejibu, hata mboni zake zikiwa zimepanuka na hazifuati tochi, huenda anasikia kila neno linalosemwa kando ya kitanda chake. Misuli ndiyo imefungwa, akili haijafungwa. Asitangazwe kuwa amekufa maadamu moyo unadunda. Mfuko wa kupumulia kwa mkono, ukibanwa kwa zamu na watu wasiochoka, njiani na hospitalini, umewavusha wagonjwa mpaka sumu ilipoachia vipokezi. Ndugu wa mgonjwa wanaweza kufundishwa kuubana kwa dakika tano.

Kuhusu njia yenyewe, kuna mfano wa Nepal ambao nautamani kwetu. Katika mji wa Damak, ulioko kusini mashariki mwa nchi hiyo, wanakijiji walipanga waendesha pikipiki wa kujitolea kumchukua aliyeumwa, akiwa katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia nyuma, na kumfikisha haraka kwenye kituo chenye seramu. Vifo vilishuka kutoka asilimia 10.5 ya walioingiwa na sumu hadi asilimia 0.5. Dawa ilikuwa ileile ya farasi, na hapakuwa na programu ya kompyuta wala protini mpya.

Mwankoko nako bodaboda wapo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakae na vijana hao kabla ya msimu wa kilimo, wakubaliane nani yuko tayari kuamshwa saa nane za usiku, nauli italipwaje na nani, na mgonjwa anashikiliwaje safarini. Kisha hospitali ipigiwe simu kabla pikipiki haijaondoka, iulizwe kama seramu ipo na ni ya nyoka gani, ili safari isifanyike mara mbili. Namba hizo mbili, ya bodaboda na ya hospitali, ziandikwe kwa rangi ukutani mwa zahanati na nyumbani kwa balozi, kimo ambacho mtoto anaweza kuzisoma.